Ndoo ya bati, saa tatu asubuhi, na mengine niliyofundishwa na tope

Matokeo ya kwanza niliyowahi kujivunia yalikuwa ya uongo. Nilikuwa mwanafunzi, nimerudi kutoka Chwaka na sampuli kumi na nne za tope la mikokoni, upande wa hori la Mapopwe, mkono wa bahari unaoingia nchi kavu. Karatasi ya maabara ilionesha zinki nyingi kuliko niliyoitarajia hata bandarini. Nikaanza kuandika sababu: rangi za boti, maji machafu, nini na nini. Msimamizi wangu alisoma kurasa mbili akaniuliza swali moja tu: "Tope hili ulilibeba ndani ya nini?" Nililibeba ndani ya ndoo ya bati niliyoinunua Darajani. Bati lile hupakwa zinki lisishike kutu, na tope langu lenye maji ya chumvi lilikaa humo tangu asubuhi hadi magharibi. Nilikuwa nimepima ndoo.

Nawaandikia nyinyi wadogo zangu mnaoanza kutafiti uchafuzi kwenye mashapo ya pwani, yaani tope na mchanga uliotuama, Unguja au Pemba, kwa sababu kila kundi jipya naliona linaingia maabara na hamu ya mashine. Wanauliza mashine inapima hadi kiwango gani. Kijiko ni cha nini, haulizi mtu. Ukitafuta metali, kijiko kiwe cha plastiki, paipu la plastiki, chekeche la nailoni. Ukitafuta mafuta au dawa za wadudu kama DDT na ndugu zake, geuza mambo: kijiko cha chuma kisichoshika kutu na chupa za kioo, maana safari hii plastiki ndiyo itakayokuharibia. Anayetaka vyote viwili abebe seti mbili na asilalamike uzito. Halafu chukua chupa moja tupu, ifungue pale unapofungua nyingine, ifunge unapozifunga, irudishe maabara uipime kama sampuli. Chupa hiyo ingeniokoa na aibu ya Chwaka.

Kosa la pili lilikula karibu mwaka. Tulikuwa tunapima maji na tope linaloelea kwenye hori la Funguni, pale mjini, tujue uchafu unatoka wapi na unakwenda wapi. Daftarini niliandika "saa 3", kama mtu yeyote wa hapa anavyoandika, nikiwa na maana ya saa tatu asubuhi. Nilipoingiza kwenye jedwali la kompyuta nikaandika 3:00. Kompyuta haijui Kiswahili: kwake hiyo ni saa tisa ya usiku. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza tulikuwa tukifanya nini horini saa tisa usiku.

Sasa fikiri. Kati ya nyakati mbili hizo kuna tofauti ya saa sita, na maji yetu huchukua saa sita na dakika chache kutoka kujaa hadi kupwa. Kosa lingekuwa la saa mbili, tungeona mambo hayakai sawa. La saa sita linageuza kila kitu juu chini, na picha inabaki nzuri kabisa. Maji yaliyokuwa yanatoka horini kwenda bahari kuu, kwenye grafu yetu yakawa yanaingia. Kwa miezi mingi tuliamini, na tukaeleza kwa ufasaha, kwamba uchafu unaletwa na bahari.

Aliyenitoa ujinga huo hakujua lolote kuhusu tope. Nilikuwa nimepelekwa Tromsø, kaskazini ya Norwei, kupima sampuli zangu, nikapewa meza kwenye chumba kimoja na dada mmoja anayetafiti mianga ya kaskazini, ile mianga ya kijani inayocheza angani usiku wa baridi. Chembe zenye umeme zinafuata nguvu ya sumaku ya dunia hadi karibu na ncha, zinagonga oksijeni na nitrojeni kiasi cha kilomita mia moja juu yetu, na hewa inawaka. Ukubwa wa msukosuko huo hupewa alama ya Kp, kuanzia 0 hadi 9, kila baada ya saa tatu, kutokana na vituo vilivyotawanyika duniani. Kituo kimoja kikiandika saa ya kwao na kingine saa ya kimataifa, hesabu yote inaoza. Kwa hiyo yeye macho yake huanza na safu ya saa. Alipita nyuma ya kiti changu, akalitazama jedwali, akauliza: "Saa tatu hizi ni za wapi?"

Tangu siku hiyo kila mstari wa daftari langu una saa ya kimataifa, saa ya hapa, na hali ya maji kwa maneno: yanajaa, yanatoka, bamvua, maji mafu. Maneno ndiyo muhimu zaidi. Saa inaweza kukosewa na mtu aliye ofisini, lakini "maji yanatoka, yako magotini" haliwezi kugeuzwa na kompyuta yoyote.

Na kwa kuwa nimeitaja mianga hiyo: msidhani haituhusu. Hatutaiona Zanzibar, tuko nyuzi sita kusini ya ikweta. Lakini dhoruba za sumaku zinazoiwasha hutikisa anga ya juu kote, na GPS hupita humo humo. Dhoruba ya tarehe 10 na 11 Mei 2024 ilifika Kp 9. Hata bila dhoruba, sisi watu wa ikweta anga yetu ya juu huvurugika baada ya jua kuzama. Kifaa chako cha mkononi kinaweza kukuweka upande wa pili wa mkondo nawe umesimama hapa. Fanya kama manahodha: chukua alama mbili za nchi kavu, mnara wa msikiti na mbuyu, uandike unaviona vimekaaje. Ukirudi baada ya miaka miwili utashukuru. Mbuyu hauhami.

Kuhusu vibali nitapita haraka. Kibali cha utafiti cha Zanzibar ni kitu chake, usije na cha bara peke yake. Halafu nenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, kabla hujatia mguu majini, si baada ya watu kukuuliza unachimba nini.

Hapo kwa sheha ndipo utakutana na wazee, nao wana habari ambazo maabara haina. Magharibi ya Pemba, kwenye hori moja la mikoko, tulizamisha paipu tukatoa nguzo ya tope ya zaidi ya nusu mita, tuipime umri kwa risasi-210. Hii ni metali ya risasi yenye mionzi, huanguka kutoka hewani na hupungua nusu kila miaka 22 hivi, kwa hiyo kadiri unavyoshuka chini inatakiwa ipungue. Yetu haikupungua. Sentimita thelathini za juu zote sawasawa. Tukabishana wiki nzima: labda tope linajaa haraka mno, labda kaa wamelichanganya. Tuliporudi, mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza nyavu alicheka. "Mwanangu, hapo mlipochimba tulipafukua sisi wenyewe, mashua ipite. Tope tulilimwaga hapo hapo pembeni." Tungemuuliza kabla, tungesogea hatua hamsini. Siku hizi namuuliza kila ninayemkuta: nani amechimba hapa, nani amejaza, akina mama wanakusanya chaza wapi. Kumbukeni hata hori lililotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo lilifukiwa, na leo watu wanapita juu yake kwa miguu.

Jambo la vitabuni linalowapotosha wengi ni hili. Mchanga wa mashariki ya Unguja kwa sehemu kubwa ni mabaki ya viumbe: matumbawe, magamba, mwani wenye chokaa. Ukiumwagia asidi kwa pupa unafoka kama maziwa jikoni na sampuli inaishia mezani. Tia tone kwa tone. Hilo ni dogo. Kubwa ni hesabu. Vitabu vitakwambia ulinganishe metali na alumini, maana alumini huja na udongo mfinyanzi, kisha ugawanye kwa uwiano wa mwamba wa kawaida, wenye alumini asilimia 8 na risasi miligramu 20 kwa kilo. Tuseme mchanga wako una risasi miligramu 4 tu na alumini asilimia 0.4. Gawanya: 4 kwa 0.4 ni 10. Mwamba: 20 kwa 8 ni 2.5. Jibu, mara nne ya kawaida, na jedwali la kitabu litakwambia pwani imechafuka. Kwa risasi miligramu 4! Mchanga ni safi. Umeonewa kwa kukosa udongo. Tafuta mashapo safi ya aina ile ile, au chini kabisa ya nguzo yako ya tope, ulinganishe na hayo. Na kabla ya kulinganisha Chwaka na Chake Chake, chekecha zote mbili, uchukue chembe zilizo chini ya milimita 0.063, maana metali hushika chembe ndogo. Bila hivyo unalinganisha mchanga na tope, wala si uchafu na uchafu.

Vile viwango vya Marekani vya mashapo mnavyovinukuu sana, risasi 46.7, zinki 150, shaba 34, zote miligramu kwa kilo, vinasaidia kama kibao cha njiani. Havikutungwa kwa ajili ya chokaa yetu.

Umeme pia. Waliokuwepo wanaukumbuka Disemba 2009, Unguja ilipokaa gizani miezi mitatu hivi. Sampuli zangu za metali, zilizokwisha kaushwa, hazikudhurika. Za mafuta zilizokuwa kwenye friza zilinuka. Msiweke akiba ya tope bichi. Kausheni mapema, na kama mnapima zebaki joto lisizidi nyuzi 40, isije ikapaa.

Mwaka jana nilirudi Chwaka kuwasomea watu matokeo, safari hii bila ndoo ya bati. Nikaeleza zinki, nikaeleza shaba, nikaonesha grafu. Bibi mmoja aliyekaa mbele na kapu lake akasikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Basi chaza tule, tusile?" Tope linaweza kuwa na metali isiyoingia mwilini mwa chaza hata kidogo, na linaweza kuwa na kidogo kinachoingia chote. Nilikuwa nimepima tope tu. Nikamwambia, bibi, chaza sijawapima. Akanitazama, akachukua kapu lake akaondoka, maana maji yalikuwa yameanza kutoka.

Bamvua lililofuata tulimfuata yeye. Alituonesha anapokusanya, tukachukua chaza na tope la pale pale, mfuko kwa mfuko.