Shangazi, mume wangu anauliza fedha inakwenda wapi

Shikamoo Shangazi. Mume wangu nami tuna kazi za mshahara mdogo. Mwisho wa mwezi tunaunganisha fedha, na mimi ndiye mshika fungu. Bajeti naiandika, fedha ya chakula naigawa mafungu manne ya wiki, na kwenye karatasi kinabaki kitu. Lakini miezi kumi iliyopita tulianza kukopa kwa simu ili tumalizie mwezi, na kila mwezi mkopo unakua. Mume anapiga hesabu, anauliza kilichobaki kiko wapi. Sina jibu. Ananiita mfujaji. Nina akiba kidogo ambayo sitaki kuigusa. Yeye anataka tukope kwenye chama cha akiba na mikopo cha kazini kwake tulipe deni lote, mimi naogopa deni juu ya deni. Na ile tunayowapelekea wazazi, niikate?
Mfujaji

Marahaba, mwanangu. Hilo jina tutalifuta kabla hatujamaliza.

Tarakimu zako nimezigeuza. Mapato yenu ya mwezi nimeyaita 100, na mengine yote nimeyapima kwa hiyo 100, ili siri yenu ibaki ndani na msomaji mwingine aweze kuweka za kwake. Karatasi yako inasema hivi: kodi ya nyumba 30, chakula na vitu vya nyumbani 32, nauli 10, umeme na maji 6, simu 4, wazazi 5. Jumla 87. Mume wako anaona 13 imebaki, na ana haki ya kuuliza. Ila hiyo 13 haijawahi kuwepo hata mwezi mmoja.

Anza na ada ya shule. Unalipa mara tatu kwa mwaka, 24 kila muhula. Hiyo ni 72, na ukiigawa kwa miezi 12 unapata 6 kwa mwezi. Bajeti yako haina mstari wa ada kwa sababu miezi tisa ya mwaka hakuna anayeidai. Halafu yapo yale uliyoyaita ya ghafla: dawa, viatu vya watoto, bomba lililopasuka, michango ya jamaa. Uliyoyaorodhesha kwa mwaka mzima yanafika 60, yaani 5 kwa mwezi. Mwanangu, viatu vya mtoto anayekua vina ughafla gani? Kinachofichika ni tarehe tu. Kwa hiyo 11 imeshaondoka, imebaki 2.

Sasa njoo kwenye mafungu yako manne, maana hapa wengi huumia bila kujua. Mafungu manne yanatosha siku 28. Ukiacha Februari, mwezi una siku 30 au 31, na mwaka una wiki 52, wala si 48. Ukitumia 8 kwa wiki, mwezi wa kawaida unakula karibu 35, na siyo 32 uliyoandika. Siku mbili tatu za mwisho watu wanakula kama kawaida, na fedha yake inachotwa popote ilipo. Toa hiyo 3 kwenye 2 iliyobaki: mnapungukiwa 1.

Upungufu wa 1 katika 100 si kitu cha kuvunja nyumba. Shida ni namna mlivyouziba. Mkopo wenu unatoza 10 kwa kila 100 mnayokopa, hata ukikaa nao siku 12 tu. Mwezi wa kwanza mlikopa 1. Wa pili mlihitaji 1 ya mwezi huo pamoja na 1.1 ya kulipia uliopita, jumla 2.1. Wa tatu 3.3. Ukiendelea kukokotoa, mwezi wa kumi unafika karibu 16, na hicho ndicho kiasi ulichoniandikia. Bila tozo lingekuwa 10. Mkienda hivihivi, bila kuongeza matumizi hata kidogo, mwezi wa 24 mtakuwa mnakopa kama 88, karibu mapato ya mwezi mzima. Mfujaji yuko wapi hapo? Mimi simwoni. Mpe mume wako aya hizi azisome.

Tuje kwenye tiba. Mnahitaji kupunguza 4 kwa mwezi: 1 ya kuziba pengo, 3 ya kuua deni. Kodi usiiguse sasa, maana kuhama kuna gharama zake, na nauli yenu ni ya kwenda kazini. Zimebaki sehemu tatu.

Simu, toka 4 hadi 3. Unanunua kifurushi cha siku karibu kila siku. Chukua bei ya kifurushi cha siku uzidishe kwa 30, uilinganishe na cha mwezi, na uhesabu pia unachopata ndani yake. Mara nyingi cha siku ndicho ghali kwa kipimo, na kinachobaki usiku wa manane kinapotea. Kama cha mwezi ni kizito kulipa kwa mkupuo, cha wiki ni hatua ya katikati. Ila angalia: "mwezi" wa kifurushi ukiwa na siku 28, utanunua mara 13 kwa mwaka.

Umeme na maji, toka 6 hadi 5. Usihangaike na chaja ya simu. Kinachokula umeme ni kile kinachopasha moto. Pasi au birika la wati 1,000 likifanya kazi saa moja limemaliza uniti 1, na uniti hiyo ingewasha taa ya LED ya wati 9 kwa zaidi ya saa 110. Piga pasi nguo za wiki nzima kwa mara moja, chemsha maji ya kiasi unachohitaji, funika sufuria. Kama bado una balbu ya zamani ya wati 60 inayowaka saa 5 kila siku, inakula uniti 9 kwa siku 30. Ya LED ya wati 9 inakula 1.35. Kwa maji, weka chombo chini ya kila bomba linalodondosha usiku mmoja, upime asubuhi. Kipira cha ndani ya bomba ni kitu cha bei ndogo.

Chakula, toka 35 hadi 33. Hapa uende polepole, kwa sababu nyumba inayobanwa ghafla kwenye chakula huasi ndani ya wiki mbili. Andika bei kwa kilo au kwa lita ya vitu kumi mnavyotumia zaidi, siyo bei ya pakiti. Utakuta viwili au vitatu unavyonunua kwa vipimo vidogo vidogo vinakugharimu zaidi ya vingine vyote. Kila mwezi chagua kimoja tu kati ya hivyo, kiwe kikavu kisichooza, ukinunue kwa kipimo kikubwa. Ukijaribu vyote kwa pamoja utakosa fedha katikati ya mwezi na kurudi kwenye simu kukopa. Na kuna mtego: kikiwa kingi, mkono wa mpishi hulegea. Toa cha wiki weka jikoni, kingine kifungie mbali na jiko.

Na mafungu manne yafe. Gawa kwa siku. Mwezi wa siku 31, 33 gawa kwa 31, zidisha kwa 7, unapata kama 7.45 kwa wiki. Fanya mafungu manne ya hiyo, halafu la tano la 3.2 kwa siku tatu za mwisho. Fungu la tano liandikwe tarehe juu yake, likae chini kabisa.

Kuhusu deni. Mwisho wa mwezi huu mnadaiwa 16 na tozo ya 1.6, jumla 17.6. Una akiba ya 5 usiyotaka kuigusa. Mwanangu, hakuna akaunti ya akiba itakayokupa 10 kwa 100 kila mwezi, lakini ndicho unachotozwa ukikopa huku fedha yako imelala. Toa 3, acha 2 kwa ajili ya usiku wa homa. Hizo 3, pamoja na 3 mtakazookoa, zinashusha mkopo unaofuata hadi 11.6. Baada ya hapo, mkiokoa 3 ileile, ngazi inashuka hivi: 9.8, 7.7, 5.5, 3.1, na mwezi wa sita 0.4 ambayo mtaibana wenyewe msikope. Bandika tarakimu hizi ndani ya mlango wa kabati. Kila mwezi mnakopa kiasi kilichoandikwa pale, hata simu ikiwaambia kiwango chenu kimepanda. Kitaongezeka kwelikweli, kwa sababu mnalipa vizuri. Na msikope kwa mmoja kumlipa mwingine wa tozo ileile; huko ndiko ngazi hugeuka shimo. Mwezi ukiingia ugonjwa mkashindwa kushuka, rudieni ngazi mliyokuwapo, msianze kulaumiana.

Hata hivyo mume wako ana njia bora kuliko hii yangu, na ulimkatalia haraka. Umeandika kwamba chama cha kazini kwake kinatoza 1 kwa 100 kwa mwezi juu ya deni lililobaki. Mkikopa 16 kwa miezi 8, mnarejesha 2 kila mwezi na riba inayoanzia 0.16 na kupungua. Riba yote ni 0.72. Ngazi ya juu itawagharimu tozo za karibu 4, mbali na ile 1.6 ya mwezi huu, na akiba yako inabaki 2. Kwa chama akiba yako ya 5 haiguswi, ile 1.6 ya mwezi huu mnailipa kutoka kwenye 3 mliyookoa, na kuanzia mwezi unaofuata, kati ya 3, rejesho linachukua 2.16 au pungufu.

Hofu yako ya deni juu ya deni ina msingi katika mambo mawili. La kwanza, watu hulipa mkopo wa simu kwa mkopo wa chama, pengo la 1 wakaliacha wazi, na baada ya miezi mitatu wana yote mawili. Kwa hiyo punguzeni ile 4 kwa mwezi mmoja kwanza, ndipo mjaze fomu. La pili, mume wako atashawishika kuchukua 40 "kwa kuwa tumeshafika". Mchukue 16. Kabla hajatia saini aulize maswali mawili: kuna makato gani ya fomu, bima au hisa kabla fedha haijatoka, na riba inahesabiwa juu ya deni lililobaki au juu ya mkopo wote hadi mwisho? Tofauti yake ni kubwa: ikihesabiwa juu ya mkopo wote, mwezi wa mwisho mnadaiwa 2 lakini mnatozwa kana kwamba ni 16, na gharama inakaribia kuwa maradufu.

Wazazi usiwakate. Iwe 5, itoke tarehe moja kila mwezi, na wajue hivyo. Kinachowaumiza ninyi ni zile nyongeza za katikati ya mwezi. Hizo zitoke kwenye mfuko wa 5 wa yale uliyoyaita ya ghafla, na mfuko ukiwa mtupu, mseme mtupu. Mume aseme kwa wazazi wake, wewe kwa wako.

Ada ya shule nayo ina kosa lake. Ile 6 kwa mwezi inatosha ukianza siku muhula umelipwa, maana miezi minne ni 24. Kama muhula unadaiwa baada ya miezi mitatu na mfuko ni mtupu, ni 8 kwa mwezi kwa mara hiyo ya kwanza. Uliza mapema kama shule inapokea kwa awamu. Fedha hiyo ikae mahali pake, isichanganywe na ya dharura, isikae kwenye laini ya simu unayolipia vitu kila siku. Akaunti isiyo na kadi, inayokutaka uende mwenyewe kutoa, inatosha kabisa. Itoke siku ileile mshahara unapoingia, pamoja na kodi.

Daftari lianze kesho hata kama ni katikati ya mwezi. Safu tatu: tarehe, kitu, kiasi. Wote wawili mnaandika, kabla ya kulala, bila kukosoana. Wajapani wana daftari la namna hii, kakeibo, alilolitoa mwandishi wa habari Hani Motoko mwaka 1904, na mpaka leo wengi huliandika kwa mkono, kwa sababu mkono ukiandika jicho linaona. Kosa la kawaida ni mstari unaoitwa "mengineyo". Ukizidi 1 kwa mwezi, uvunje. Siku moja baada ya mshahara mkae nusu saa, karatasi mbele yenu, watoto wamelala.

Deni likiisha, ile 3 isirudi jikoni. Nusu ya mwezi wa kwanza mgawane, kila mtu yake, bila maelezo wala risiti, maana mmeibana muda mrefu. Kisha iende yote kwenye dharura mpaka ifike 16, kiasi kilekile mlichokuwa mkikopa. Mkianza na 5 yako, ni kama miezi minne. Siku mtakapoigusa, mwezi unaofuata mnairudishia 3 kwa 3.