Nataka kuishusha pikapu yangu, nikate springi?

SWALI: Habari fundi, nina Chevrolet C10 ya 1978, rangi nimeshapiga na injini iko poa, sasa nataka ikae chini kama inchi 4 mbele na nyuma. Jamaa yangu anasema mbele tukate springi kwa gesi, nyuma tutoe majani mawili ya springi (yale mabamba ya chuma yaliyopangana), kazi ya siku moja. Niende nayo?

JIBU: Hapana ndugu yangu, gesi usiiguse kabisa. Chuma cha springi kimepikwa makusudi ili kikibonyea kirudi, sasa ukikipiga moto pale unapokata kinaharibika, kinalegea au siku moja kinakatika ukiwa barabarani. Hata ukitumia grainda springi fupi inakuwa ngumu zaidi, kama ina mizunguko 8 inayofanya kazi ukatoa mmoja ugumu unapanda kama asilimia 14, na vile springi imekaa karibu na katikati ya amu ya chini (mkono wa chuma unaoshika tairi) sio pale kwenye tairi, ukiifupisha inchi 1 gari inashuka karibu 2, ndo maana watu wanakata kidogo tu halafu wanashangaa gari inagonga kila shimo.

Mbele anza na spindeli za kushushia (spindeli ni kile chuma kinachobeba habu ya tairi). Zile pini ya tairi imepandishwa juu kama inchi 2 na nusu, kwa hiyo gari inashuka na springi inabaki vile vile, amu nazo hazibadilishi pembe. Inchi moja na nusu iliyobaki tafuta springi fupi zilizotengenezwa hivyo kiwandani. Jaribisha rimu kwanza maana ndogo zinaweza kugusa.

Nyuma ndo penye kazi. C10 kuanzia 1973 ina springi za majani, za 1972 kurudi nyuma nyingi zina za koili (za kuzunguka kama za mbele), kwa hiyo ukinunua vifaa taja mwaka. Kwako majani yamekaa juu ya ekseli, ukiweka bloku (kipande cha chuma) kati ya majani na ekseli gari inapanda badala ya kushuka! Na ukitoa majani springi inakuwa dhaifu, ukikanyaga mafuta ekseli inajipinda. Kuna wanaohamisha ekseli ikae juu ya majani lakini hapo inashuka kama inchi 6 na chesisi lazima ikatwe umbo la C na kuchomelewa bamba la kuimarisha, kwa inchi 4 mimi ningebadilisha hanga na shako tu (vishikio vinavyofunga ncha za majani kwenye chesisi) halafu nipime nafasi kati ya ekseli na chesisi gari ikiwa na mzigo.

Shokapu weka fupi pande zote, za zamani zitafika mwisho mapema zife. Angalia pembe ya difu na propela, ikikosewa krosi (maungio ya propela) zinaisha na gari inatetemeka. Alainimenti fanya baada ya springi kukaa, sio siku hiyo hiyo.

Hujasema kama bado unabeba mzigo. Kama unabeba, nyuma ishushe inchi 2 tu, nakuomba.