Maswali ya Wasomaji: Sauti Ipo, Picha Haipo

SWALI: Ndugu Mhariri, televisheni yangu bapa ya inchi 32 ilipoteza picha ghafla jioni moja, umeme uliporejea baada ya kukatika. Sauti inasikika vizuri na rimoti inabadilisha stesheni, lakini kioo ni cheusi kabisa. Jirani yangu anasema kioo kimekufa, na fundi wa mtaani ametaja gharama inayokaribia nusu ya bei ya televisheni mpya bila hata kuifungua. Kushika bisibisi na mita ninajua kidogo. Je, ninaweza kuitengeneza mwenyewe nyumbani? – Msomaji wa Tanga.

JIBU: Ndugu msomaji, kabla ya kulegeza skrubu hata moja, subiri usiku uingie, zima taa za sebuleni, washa televisheni na ubonyeze kitufe cha menyu kwenye rimoti. Kisha chukua tochi yenye mwanga mkali, isogeze karibu kabisa na kioo, uimulike kwa mshazari huku ukichungulia kwa makini. Ukiona kwa mbali maandishi ya menyu au vivuli vya watu wanaotembea, basi jirani yako amekosea: kioo kinachora picha kama kawaida, ila nyuma yake hakuna mwanga wa kuifanya ionekane. Kioo cha aina hii hakitoi mwanga wake chenyewe. Hutegemea taa ndogo za LED zilizopangwa nyuma yake au pembezoni mwake.

Taa hizo hubandikwa kwenye vipande virefu vyembamba ambavyo wauzaji wa spea huviita stripu, na kwa kawaida huunganishwa kwa mfuatano, yaani umeme hupita katika taa moja ndipo ufikie inayofuata. Ikiungua moja tu na kukata njia, zote huzimika. Ndiyo maana kioo kizima huwa cheusi ilhali taa nyingine zote ni nzima. Ikiwa televisheni yako ilikuwa ikionyesha picha kwa sekunde chache kila ilipowashwa kisha inatia giza, hiyo nayo ni dalili ya ugonjwa huohuo, kwa sababu sakiti ya kulisha taa hujifunga yenyewe inapohisi kasoro. Kukatika na kurudi kwa umeme kunaweza kuwa kulimalizia tu taa iliyokwisha kudhoofika. Kinachozichosha hasa ni joto, na televisheni nyingi huuzwa zikiwa zimewekewa mwanga wa nyuma wa juu kabisa.

Sasa nijibu swali lako lenyewe. Unaweza kuitengeneza, lakini kazi hii ni ya mikono yenye subira kuliko elimu kubwa ya umeme. Chomoa waya ukutani. Kuzima kwa rimoti hakutoshi. Ndani yake, kwenye bodi ya pawa saplai, yaani ile inayopokea umeme wa ukutani na kuugawa, kuna kapasita kubwa inayohifadhi umeme wa volti zaidi ya 300 hata baada ya waya kuchomolewa. Iache kwa muda mrefu, kisha uipime kwa mita iliyowekwa upande wa volti za DC kabla ya kuingiza kidole. Ikiwa bado ina chaji, iondoe kupitia rezista (kipuri cha kupunguza nguvu ya mkondo) inayofaa au balbu ya kizamani ya waya, wala usiiunganishe miguu kwa bisibisi kama wanavyofanya mafundi wenye haraka, kwa maana cheche hizo huharibu bodi na zinaweza kukuumiza. Na kwa kuwa unasema unajua kidogo tu, sikushauri kamwe upime upande huo wa bodi ukiwa na umeme.

Ilaze televisheni kifudifudi juu ya blanketi nene lililotandikwa kwenye meza iliyo sawa. Unapoondoa skrubu za mfuniko wa nyuma, ziweke kwa kufuata mahali zilipotoka, kwa kuwa hazilingani urefu, na skrubu ndefu ikirudishwa penye ya fupi inaweza kutoboa hadi kwenye paneli, yaani kioo chenyewe. Piga picha kwa simu kila waya kabla ya kuuchomoa. Usishangae ukikuta mayai ya mjusi au kiota cha sisimizi. Wadudu hupenda joto la bodi, na huku kwetu pwani hewa ya chumvi nayo huacha kutu ya kijani kwenye miguu ya vipuri.

Hatua ya kunyanyua paneli ndiyo inayowashinda wengi, na hapa sina budi kusema kwa undani. Paneli ni kioo chembamba sana, na kwenye ukingo wake kuna vipande laini vya plastiki vyenye nyaya ndogo zisizohesabika kwa macho, vinavyokiunganisha kioo na bodi yake ndefu. Kikichanika kimoja, utapata mistari ya wima au sehemu ya kioo isiyo na picha, na hakuna kulehemu kutakakoirekebisha nyumbani. Kwa hiyo mwombe mtu wa pili ashike upande mwingine, mnyanyue kwa pamoja bila kuipinda, na muiweke mahali ambapo mtoto hatafika wala feni haitapeperusha kitu juu yake. Chini yake mtakuta karatasi nyeupe za kusambaza mwanga. Zikumbuke mpangilio na upande uliotazama juu, na msizishike kwa mikono yenye jasho, kwa sababu alama ya kidole itaonekana kwenye picha kila siku.

Sasa stripu zinaonekana. Mita yenye uwezo wa kupima diodi inaweza kuiwasha kidogo taa moja moja ya volti 3, ila za volti 6 huenda zisiwake ingawa ni nzima, hivyo ni vizuri kuwa na kipimo maalumu cha taa za LED ambacho mafundi wengi wanacho. Hata ukiigundua taa moja iliyoungua, mimi ningebadilisha stripu zote, maana zilizobaki zina umri uleule na zimepitia joto lilelile, na paneli si kitu cha kunyanyuliwa kila baada ya miezi michache. Usinunue kwa kutaja inchi peke yake. Nenda dukani, iwe mjini kwenu au Kariakoo, ukiwa na stripu ya zamani mkononi, ulinganishe namba iliyochapwa, urefu, idadi ya taa na volti ya kila taa. Ukikamilisha kazi, punguza mwanga wa nyuma katika menyu hadi kiwango cha kati.

Kuhusu bei ya fundi, muulize swali moja: anabadilisha taa au paneli? Kama ni taa, kiasi alichotaja ni kikubwa na una haki ya kutafuta mwingine. Kama tochi haikuonyesha chochote, tatizo linaweza kuwa kwenye bodi au kwenye paneli yenyewe, na hapo afadhali umwachie mwenye vifaa.

SWALI: Mhariri, hujambo? Runinga yangu ina kataa kekundu kanakowakawaka tu, na nikiiwasha haifunguki. Kabla ya hapo ilikuwa ikichelewa kuwaka asubuhi. Stima kwetu hupanda na kushuka. – Msomaji wa Mombasa.

JIBU: Sijambo. Kuchelewa kuwaka kabla ya kufa kabisa hunifanya nizishuku kapasita za pawa saplai. Ukishachukua tahadhari nilizompa msomaji wa Tanga, angalia zile ndogo zenye umbo la mcheduara: yenye kichwa kilichovimba au kuvuja imekwisha. Mbadala wake uwe na maikrofaradi (kipimo cha uwezo wa kuhifadhi chaji) zilezile, volti zisizopungua zilizoandikwa, na uwezo wa kustahimili nyuzi joto 105, na upande wa hasi usigeuzwe. Kama fyuzi imeungua, usiweke nyingine na kuwasha papo hapo. Mara nyingi kuna kipuri kilichopiga shoti nyuma yake, nayo fyuzi ya pili itakwenda vilevile. Baada ya matengenezo nunua kifaa cha kulinda volti, kile kinachosubiri dakika kadhaa kabla ya kurudisha umeme.

SWALI: Mwanangu amerusha mpira na kioo kimepasuka kwa ndani. Je, ninaweza kununua kioo kipya na kukibadilisha? – Msomaji wa Morogoro.

JIBU: Sikushauri. Paneli ndiyo sehemu ya gharama kubwa kuliko zote katika televisheni, na ukiipata ya saizi ndogo, bei yake pamoja na ufundi itakaribia ile ya televisheni mpya. Usiitupe, hata hivyo. Bodi kuu, pawa saplai, spika na stripu za taa huenda ni nzima, na mafundi hununua televisheni za namna hiyo kwa ajili ya spea. Iwashe mbele ya fundi anayeinunua ili asikie sauti, kwa sababu bodi inayofanya kazi ndiyo hasa anayoilipia.