Paka anatoa punje kama za mchele: kabla ya kuongeza dozi, mtafute kiroboto

Dada, umesema umempa paka wako dawa ya minyoo mara mbili, na kila mara anakaa vizuri kama wiki 3, kisha unaona tena punje kama za mchele chini ya mkia na kwenye mkeka anapolala. Unauliza kama uongeze dozi. Tafadhali usiongeze. Nafuga paka hapa Tanga mwaka wa 11 sasa, na jambo hilohilo lilinihangaisha kwa Shombe, jike langu la kwanza, hadi nikakata tamaa na dawa zote.

Punje hizo ni vipande vya tegu, mnyoo bapa anayeishi kwenye utumbo wa paka. Vikiwa vibichi utaviona vikijinyonganyonga, vikikauka vinafanana na ufuta. Ndani yake mna mayai. Viroboto wachanga, wale funza wadogo wanaoishi kwenye vumbi la mkeka na nyufa za sakafu, huyala mayai hayo. Funza akishakuwa kiroboto humrukia paka, paka anajilamba, anammeza, na baada ya wiki 3 hivi tegu mpya ameanza kudondosha punje. Kwa hiyo huenda dawa yako ilifanya kazi, ila paka alimeza tegu mwingine.

Soma boksi pia. Tegu anauawa na prazikwanteli, ileile wanayopewa watu wenye kichocho, lakini tafuta iliyotengenezwa kwa paka. Kama imeandikwa piranteli peke yake, hiyo inawatoa minyoo wa duara na minyoo wa safura tu, tegu haimgusi. Albendazoli ya watoto iache, maana kwa paka inaweza kuharibu uboho unaotengeneza damu. Dozi huenda kwa uzito: panda mizani ukiwa umembeba, panda tena peke yako, toa.

Sasa viroboto, na hapa nina uchungu. Muuzaji mmoja wa dawa za mifugo aliniuzia dawa ya kupaka ya mbwa, akasema tumia kidogo tu. Ilikuwa na permethrini. Jioni mtoto mmoja wa Shombe akaanza kutetemeka na kutoa mate, na alfajiri hakuifikia. Daktari wa mifugo ndiye aliyenieleza baadaye kwamba ini la paka haliwezi kuivunja sumu ile. Nakuomba sana, dawa ya viroboto iwe imeandikwa paka, na kama ni kitoto, ulizia umri na uzito unaoruhusiwa.

Nilichofanya kikafaulu ni hiki: paka wote wa nyumbani niliwapa dawa ya minyoo na ya viroboto siku moja, mkeka nikauchoma, vitambaa vyao nikavifua kwa maji ya moto kila wiki na kuvianika juani, nikafagia chini ya makochi na pembezoni kote. Kila jioni nilimpitisha Shombe kitana chembamba na kuwazamisha viroboto kwenye maji ya sabuni. Usiache baada ya wiki 2. Kiroboto hujifungia kwenye kifuko chake wiki nyingi akisubiri, kwa hiyo mimi niliendelea miezi 3.

Kama ana watoto, hao wana shida nyingine. Minyoo wa duara, wanaofanana na tambi, wanawapata kupitia maziwa ya mama. Ndiyo maana kitoto kinakuwa na tumbo kama ngoma na mgongo umekonda. Huanza dawa wakiwa na wiki 3, kila baada ya wiki 2 hadi waache kunyonya, kisha kila mwezi hadi miezi 6, na mama apewe pamoja nao.

Kinyesi kizoe kila siku. Mayai ya minyoo wa duara yanahitaji wiki kadhaa mchangani kabla ya kuweza kuambukiza, na yakifika hapo yanadumu miaka, pale pale wanapochezea watoto wetu. Panya nao wana tegu wao, kwa hiyo paka mwindaji hata asiye na kiroboto anahitaji dawa mara kwa mara. Wangu nawapa kila miezi 3.

Leo mfunue mdomo umtazame fizi. Zikiwa nyeupe badala ya waridi, au choo chake kikiwa cheusi kama lami, huenda ni safura wanamnyonya damu. Hapo usinunue dawa yoyote, mfikishe kwa daktari wa mifugo leo leo.