Maswali na Majibu: Bunduki za Zamani, Kutoka Gumegume hadi Lee-Enfield

Barua za wasomaji kuhusu silaha za kale zimerundikana mezani, na karibu zote zinanitaka nitaje bunduki ninayoipenda kuliko nyingine. Nitaitaja, lakini naomba tukubaliane kwanza juu ya kipimo. Majedwali ya uzito na masafa hayatoshi, kwa sababu bunduki iliyo bora kiwandani inaweza kuwa mzigo mikononi mwa askari asiye na risasi zake, au katika pwani ambayo chumvi ya hewa hula chuma usiku na mchana.

Maalim, sisi wa Shela tumekua tukisimuliwa vita ambavyo watu wa Lamu waliwashinda Wapate na Mazrui wa Mombasa. Zilitumika bunduki gani, na je, ndizo zilizoleta ushindi? – Msomaji, Shela

Vita hivyo, ambavyo wanahistoria wengi huviweka karibu na mwaka 1812, vilipiganwa katika zama ambazo bunduki za bahari yetu zilikuwa za aina mbili. Ya kwanza ni ile ya fatila, yenye mtutu mrefu na mwembamba, ambayo watu wa Oman waliendelea kuipenda muda mrefu baada ya mataifa mengine kuiacha. Mwenye bunduki hiyo alilazimika kutembea na utambi unaowaka huku baruti ikiwa kiunoni mwake, na usiku ule utambi ulimtangaza kwa adui kabla hajainua silaha. Ya pili ni gumegume, ambayo hupata cheche zake kwa jiwe linalogonga chuma.

Kuishindilia gumegume ni kazi inayostahili kuelezwa hatua kwa hatua, kwa kuwa wengi huidhania nyepesi. Mpiganaji huisimamisha bunduki wima, akamimina baruti mdomoni mwa mtutu, akaifuatishia risasi ya mviringo pamoja na karatasi au kitambaa, akashindilia vyote kwa mdeki mpaka vikae imara chini. Kisha huilaza, akafungua kibakuli kidogo kilicho ubavuni, akatia humo chembe za baruti laini, akakifunga, akaivuta nyundo nyuma, ndipo aweke bunduki begani. Askari aliyefunzwa vizuri aliweza kupiga mara tatu kwa dakika moja, nami sidhani kwamba wengi waliokuwa mchangani siku ile walikuwa na mafunzo ya namna hiyo. Mtutu wenyewe ulikuwa laini ndani, bila mifuo ya kuizungusha risasi, hivyo kumpata mtu aliye mbali zaidi ya mita 100 kulitegemea bahati kuliko shabaha.

Tena, gumegume ilikataa kulia mara nyingi. Katika majaribio yaliyofanywa Woolwich, Uingereza, mwaka 1834, kati ya mapigo 6,000 ya gumegume 922 hayakuwaka, ilhali bunduki za fataki, ambazo badala ya jiwe hutumia kikofia kidogo kinacholipuka kikigongwa na nyundo, zilizopigwa idadi hiyohiyo zilikataa mara 36 tu. Hayo yalifanywa nchi kavu, kwa baruti iliyotunzwa. Kibakuli cha baruti kilichovuka mkondo ndani ya mashua ni habari nyingine kabisa.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba bunduki hazikuleta ushindi wa Shela. Bunduki ilipokwisha kulia mara moja, kilichobaki kilikuwa upanga, jambia na mkuki, na kama mapokezi yetu yasemavyo, maji yalikupwa, vyombo vya wavamizi vikakwama, na waliorudi ufuoni wakakosa njia ya kuondokea. Hofu ya kulipiziwa kisasi ndiyo iliyowafanya watu wa Lamu wamwelekee Sayyid Said wa Oman, na ile ngome iliyoko sokoni, iliyokamilika mwaka 1821 hivi, ni tunda la hofu hiyo.

Kati ya Snider na Martini-Henry, ambazo zote zilifika pwani hii katika karne ya 19, wewe ungechagua ipi? – Msomaji, Witu

Martini-Henry, bila kusitasita, ingawa Snider haistahili kudharauliwa. Snider ilikuwa njia ya Waingereza ya kubana matumizi: badala ya kutupa maelfu ya bunduki zao za kushindilia mdomoni, waliikata sehemu ya nyuma ya mtutu na kuitia kifuniko chenye bawaba, kwa ubunifu wa Mmarekani Jacob Snider, wakaanza kuitumia mwaka 1866. Kifuniko hufunguka kuelekea kulia, risasi hutiwa, kifuniko hufungwa. Kasoro yake ni kwamba ganda tupu huvutwa nyuma tu. Ili litoke kabisa, askari hana budi kuipindua bunduki nzima. Jeshi la Sultani Barghash wa Unguja, lililofunzwa na afisa Mwingereza Lloyd Mathews kuanzia mwaka 1877, lilipewa bunduki za aina hiyo.

Martini-Henry, iliyopokewa na jeshi la Uingereza mwaka 1871, ilibuniwa upya tangu mwanzo. Chini ya kitako chembamba kuna wenzo. Ukiushusha, kipande cha chuma kinachoziba mtutu huteremka na ganda hurushwa nje. Unatia risasi kwa kidole gumba, unauinua wenzo, na bunduki iko tayari, kwani hata msumari wa kugongea umekwisha kujivuta wenyewe. Haina nyundo ya nje ya kunasa nguoni wala kibakuli cha kulowana. Askari hodari angeweza kupiga mara 12 kwa dakika. Risasi yake ya gramu 31 ilikuwa nzito mno, na bega la mpigaji lililipa gharama yake.

Hata hivyo ilikuwa na ugonjwa mmoja mkubwa. Maganda yake ya mwanzo yalitengenezwa kwa bati jembamba la shaba nyeupe lililokunjwa, na mtutu ulipopata moto na kujaa masizi ya baruti, ganda lilikwama au kuchanika ndani. Huko Sudan, katika mapigano ya Abu Klea ya Januari 1885, askari wa Uingereza walijikuta wakihangaika na bunduki zilizoziba huku adui akiwa hatua chache mbele yao. Maganda yaliyotengenezwa kwa kipande kimoja cha shaba ndiyo yaliyoponya ugonjwa huo.

Kwa kuwa unaandika kutoka Witu, niongeze jambo ambalo kwenu lina uzito wake. Mkataba wa Brussels wa Julai 1890 ulipiga marufuku kuingiza bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, kuanzia latitudo ya 20 kaskazini hadi ya 22 kusini, lakini ukaacha upenyo kwa gumegume zisizo na mifuo. Miezi mitatu baadaye, Oktoba 1890, Admirali Fremantle wa Uingereza aliuchoma mji wa Witu kufuatia kuuawa kwa Wajerumani kadhaa huko. Wazungu walikuwa wameamua kwa maandishi kwamba Mwafrika abaki na silaha ya enzi za babu yake, na aliyekuja na silaha ya kisasa awe mwingine.

Barazani kwetu ubishi hauishi: wengine wanasema Mauser, wengine Lee-Enfield. Tuamulie. – Wasomaji watatu, Malindi

Mngalikuwa mnabishana juu ya ufundi wa chuma peke yake, ningewapa ushindi watu wa Mauser. Bunduki ya mwaka 1898 ya Mjerumani Paul Mauser inafungwa kwa meno mawili makubwa yaliyo mbele ya bolti (komeo la chuma linaloziba mtutu kwa nyuma), karibu kabisa na moto wa baruti, pamoja na jino la tatu nyuma kwa ajili ya usalama. Kucha yake ndefu hulikamata ganda tangu linapotoka magazini, hivyo haliponyoki. Wamarekani waliitazama kazi yake kwa makini kiasi kwamba walipotengeneza Springfield ya 1903 walilazimika kumlipa Mauser kwa kutumia hataza zake.

Lee-Enfield fupi ya Waingereza, iliyotolewa mwaka 1904, ina meno yake nyuma ya bolti, na wahandisi huiona hiyo kuwa dosari. Mikononi mwa askari dosari hiyo ni neema. Bolti husafiri masafa mafupi, mkono wake uko jirani na kidole cha kufyatulia, na nguvu ya kuukaza msumari hutumika wakati wa kusukuma mbele, ambako mkono una uzito wa mwili, wala si wakati wa kuinua. Mauser ya 1898 ilikuwa na mkono wa bolti ulionyooka ubavuni; ulipinda kwenda chini kwenye toleo fupi la mwaka 1935. Zaidi ya hayo, Mauser hubeba risasi tano na Lee-Enfield hubeba kumi. Askari wa Kiingereza wa kabla ya mwaka 1914 alitakiwa kupiga shabaha mara 15 kwa dakika moja kwenye mita 270 hivi, na wengi walizidisha. Ila risasi yake ya .303 ina ukingo kwenye kitako, na ukizipanga vibaya, ukingo mmoja ukikaa nyuma ya mwenziwe, utakwama mahali usipopenda kukwama.

Ninayoipenda mimi, basi, ni Lee-Enfield. Lakini ubishi wenu unasahau kwamba vita vya Afrika Mashariki havikuanza kwa bunduki hizo mbili bora kukutana uso kwa uso. Novemba 1914, Waingereza waliposhuka Tanga, kampuni nyingi za askari wa Wajerumani zilikuwa bado zimebeba Mauser ya mwaka 1871: risasi moja kwa wakati, na baruti nyeusi. Kila waliyempigia risasi aliliona wingu la moshi mweupe likipanda vichakani na kumwonyesha mpigaji alipo. Wakashinda vivyo hivyo, kwa bombomu (rashasha) zao, kwa kuijua nchi, kwa amri nzuri, na kwa uzembe wa waliotua. Waingereza walipoondoka waliacha nyuma mamia ya bunduki mpya na bombomu 16.

Aprili 1915 meli Rubens, iliyojificha chini ya bendera ya Denmark, ilifika ghuba ya Manza kaskazini ya Tanga ikiwa imebeba Mauser za kisasa na risasi zake. Ilipigwa na manowari ya Kiingereza, lakini shehena kubwa iliopolewa. Hata hivyo, jeshi la von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, lilipoweka silaha chini huko Abercorn (leo Mbala, Zambia) tarehe 25 Novemba 1918, bunduki nyingi lilizokuwa nazo zilikuwa za Waingereza na Wareno. Lilibeba kile ambacho risasi zake zilipatikana, na risasi zilipatikana kwa adui. Pelekeni hilo barazani, mtazame kama ubishi utapungua. Mimi nadhani utaongezeka.

Mbona huutaji upinde? Wagiriama walipigana na Waingereza kwa upinde mwaka huohuo wa 1914. – Msomaji, Mambrui

Umenibana, nami nakubali hoja. Upinde hurusha mishale mingi kuliko gumegume katika muda uleule, hautoi moshi wala kishindo, haulowani baruti, na sumu ya mshale wa Kigiriama ilifanya hata jeraha dogo kuwa la kufisha. Mtu angekupa chaguo kati ya upinde na gumegume ndani ya msitu, ungefanya vizuri kuchukua upinde. Mbele ya bunduki zenye mifuo, zinazofika mita mia kadhaa kwenye uwanda, chaguo halikuwepo tena, na Agosti 1914 ndivyo ilivyokuwa.

Je, AK-47 si bora kuliko hizo zote? – Kijana, Malindi

Kwa magazini ya risasi 30 na uvumilivu wake wa matope na mchanga, hakuna hata moja kati ya nilizozitaja inayoweza kushindana nayo, wala haifai kuzishindanisha. Lakini silaha hiyo ingali inaua watu katika kaunti yetu ya Lamu, na safu hii haitaiweka kwenye orodha ya vipenzi.

Babu yangu alikwenda Burma na KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki), akibeba rashasha ya Bren. Je, Bren ilikuwa bora kuliko MG 42 ya Wajerumani? – Msomaji, Faza

Mola amrehemu mzee wako. Swali lako linalinganisha silaha ambazo hazikukutana huko: katika bonde la Kabaw mwaka 1944, ambako divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilisonga mbele kuelekea mto Chindwin ndani ya mvua na tope, adui alikuwa Mjapani, na rashasha yake nyepesi ilikuwa ya modeli 96 au 99. Zote mbili kwa umbo zinafanana mno na Bren, magazini ikiwa imechomekwa kwa juu. Modeli 96 ilihitaji risasi zake zipakwe mafuta ili zisikwame, na mafuta huvuta uchafu. Isitoshe, ilikuwa na mahali pa kuchomekea singe, na mpaka leo sijaelewa nani angemkimbilia adui na singe juu ya silaha ya kilo tisa.

Bren, iliyotokana na silaha ya Wacheki kutoka Brno, ilikuwa na uzito wa kilo kumi hivi na ilipiga taratibu, kama risasi 500 kwa dakika. MG 42 ilipita 1,200. Kwa watu wanaobeba risasi zao mgongoni, siku baada ya siku, mahali pasipopita gari, utaratibu wa Bren ulikuwa faida.

Tulipobomoa dari ya nyumba ya urithi tulikuta bunduki ndefu ya kizamani imefungwa kwenye mkeka. Tuifanyeje? – Msomaji, Langoni

Msijaribu kuipiga, na msimruhusu mtoto kuishika kwa mchezo. Bunduki za kushindilia mdomoni mara nyingi huwekwa zikiwa na baruti ndani, na baruti nyeusi iliyokaa pakavu haizeeki. Ichukulieni kuwa imejaa mpaka fundi mwenye ujuzi athibitishe vinginevyo. Msiipake mafuta ya nazi, maana mafuta ya kula huharibika yakanasa uchafu na kufungia kutu chini yake. Msiisugue kwa msasa pia, kwa sababu mnaweza kufuta alama za fundi, ambazo ndizo zitakazoeleza ilitoka wapi.

Sheria ya silaha ya Kenya haimruhusu mtu kukaa na bunduki bila kibali, na kusema ni ya marehemu babu hakutawaepusha na maswali. Iacheni ilipo, nendeni wawili au watatu kituo cha polisi mkatoe taarifa ili waje wenyewe kuichukua, kisha waarifuni watu wa Makumbusho ya Lamu, wapeni picha mliyoipiga ikiwa bado imo ndani ya mkeka, na waombeni waandike jina la nyumba na mahali ilipopatikana kabla haijahamishwa.