Kuku wa mvinyo wa Kifaransa: kwa nini nyama imekauka na mchuzi unakwaruza ulimi?

Swali: Chef, nimepika coq au vin, kuku wa Kifaransa wa mvinyo mwekundu. Nilitumia kuku wa kisasa, nikamimina chupa nzima ya mvinyo, nikafunika sufuria na kuiacha itokote saa mbili na nusu kama maelezo yalivyosema. Kidari kimekuwa nyuzi kavu. Mchuzi ni mwepesi, mkali, na una rangi ya zambarau iliyochakaa. Je, mvinyo ndio mbaya?

Jibu: Dada, mvinyo umechangia, lakini tatizo limeanzia kwa kuku. Chakula hiki, kinachojulikana zaidi kwa mapishi ya Bourgogne, eneo la Ufaransa, kilikusudiwa jogoo mzee. Jogoo ana misuli migumu yenye kolajeni nyingi, yaani protini inayounganisha nyama, na kolajeni ikipikwa polepole hugeuka kuwa jelatini. Hiyo jelatini ndiyo inayoupa mchuzi uzito, na pia hushikana na tanini za mvinyo, zile zinazokwaruza ulimi. Kuku wa kisasa huchinjwa akiwa na wiki chache tu, na kolajeni yake ni kidogo. Zile saa mbili na nusu zimekausha nyama, na mchuzi haukupata kitu.

Kwa kuku wa kisasa, pika mvinyo kabla haujakutana na nyama. Chemsha chupa ya mililita 750 bila kufunika, pamoja na kitunguu, karoti, vitunguu saumu na thaimu (jani la kiungo), mpaka ubaki nusu. Mfuniko hupunguza pombe inayotoka, na huenda sehemu ya ule ukali uliouonja ni pombe. Asidi yenyewe haitoki kwa mvuke, kwa hiyo chagua mvinyo mkavu, yaani usio mtamu, usio mzito wala mchachu sana, kama mvinyo wa zabibu za Pinot Noir. Mvinyo mtamu usiuguse: ukipungua, mchuzi unakuwa kama jemu.

Jelatini itafute kwenye miguu ya kuku. Nunua nusu kilo, osha, kata kucha, chemsha kwa saa mbili au tatu, kisha chuja. Supu hiyo ikipoa hushikana, na hapo utajua imefaa. Changanya nusu lita yake na mvinyo uliopunguzwa. Watu wengi huruka hatua hii, nami naiona ndiyo inayookoa sufuria nzima.

Vipande vya kuku vifute maji vikauke, vikaange mpaka viwe kahawia hasa, kisha mimina ule mchanganyiko. Rangi nzuri hutokana na ukahawia huo, na kijiko cha nyanya ya kopo husaidia. Angalia pia sufuria yako: kama ni ya alumini tupu, asidi ya mvinyo huila, na mchuzi huweza kupata ladha ya chuma na rangi isiyovutia. Tumia ya chuma cha pua au iliyopakwa enameli.

Moto uwe mdogo. Kidari kitoe baada ya dakika 20 hadi 25, mapaja yaendelee hadi dakika 45. Ukiwa na kipimajoto, ndani ya nyama isomeke angalau nyuzi 74. Bekoni, uyoga na vitunguu vidogo vikaange pembeni, viingie mwishoni. Bekoni ya ng'ombe inafaa kwa asiyekula nguruwe, ila asiyetumia pombe asidanganywe kwamba yote huisha jikoni. Kiasi fulani hubaki.

Kama mchuzi bado ni mwepesi, ponda gramu 30 za siagi na gramu 30 za unga wa ngano, utie kidogo kidogo huku ukikoroga, uchemke dakika chache. Chumvi onja mwisho kabisa, kwa sababu bekoni ina yake.

Na ukipata jogoo wa kienyeji aliyekomaa, mwaka mmoja na zaidi, muda uliosoma utakuwa sahihi: saa mbili na nusu, hata tatu. Mvinyo bado upunguze kwanza, miguu yake usiitupe.