Kabla ya mpango, tuulize barabara ni ya nani

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: "Je, serikali inaweza kupanga mpaka watu watembee zaidi kwa miguu, na wafike salama?" Mimi ni Mtanzania ninayeishi Saint Paul, katika jimbo la Minnesota, Marekani. Jibu langu ni ndiyo, lakini mpango huo uandikwe na yule mwenye barabara zinazoua. Akiandika mwingine, tutabaki na kitabu chenye picha nzuri.

Barabara zina wenyewe. Nyumbani barabara kuu na za mikoa ni za TANROADS, na zile za mijini na vijijini, tangu 2017, ni za TARURA. Omba tuta mbele ya shule uone utakavyozungushwa ukigonga ofisi isiyohusika. Huku nako mtaa ni wa jiji, ule mpana zaidi ni wa kaunti, na ule mwingine, ingawa umepita katikati ya maduka na nyumba za watu, ni wa jimbo.

Mwaka 2019 bunge la Minnesota liliyaruhusu majiji yajipangie mwendo kwenye barabara zao yenyewe. Mwaka uliofuata Minneapolis na Saint Paul wakashusha mwendo wa mitaa ya makazi hadi maili 20 kwa saa, yaani kama kilomita 32. Jambo jema sana. Lakini nenda ukasimame Snelling Avenue, hapa Saint Paul. Ukiitazama utadhani ni mtaa wa kawaida: migahawa, vyuo, watu wakisubiri basi. Kumbe kwenye makaratasi ni barabara kuu ya jimbo namba 51, na ile ruhusa ya jiji haiigusi. Madereva wanaijua kwa upana wake, na upana wenyewe ndio unaowaambia wakanyage mafuta.

Na mwendo si jambo dogo. Utafiti uliotolewa 2011 na taasisi ya usalama barabarani ya AAA, chama cha wenye magari cha Marekani, ulionyesha kwamba mtu akigongwa na gari linalokwenda maili 23 kwa saa, hatari ya kufa ni wastani wa asilimia 10. Likiwa maili 32 inafika asilimia 25, na maili 42 inakuwa nusu kwa nusu. Maili 32 ni kama kilomita 51. Kule kwetu kibao cha 50 tunakihesabu kuwa ndicho cha mwendo wa pole.

Ndiyo maana naona mpango wa jimbo una kazi ambayo jiji haliwezi kuifanya. Idara ya Uchukuzi ya Minnesota ilianza kwa kushirikiana na Idara ya Afya kuandaa mwongozo walioupa jina Minnesota Walks. Idara ya Afya imeingiaje kwenye habari za lami? Muulize daktari yeyote anayetibu kisukari na shinikizo la damu. Kisha 2021 ukatoka mpango wa waenda kwa miguu unaohusu hasa barabara za jimbo lenyewe, pamoja na ramani inayoyapa maeneo alama kwa vigezo kama usalama, afya na usawa, ili ijulikane pa kuanzia. Hapo ndipo ninapoupendea. Bila alama, fedha huenda kwa mwenye sauti kubwa mkutanoni, na mwenye sauti kubwa mara nyingi amekuja na gari lake.

Tusijidanganye, hata hivyo, kwamba karatasi inatosha. Sheria ya Minnesota inasema kila makutano ya barabara ni kivuko, hata pasipochorwa pundamilia, na pasipo na taa dereva anatakiwa kumsimamia anayevuka. Sheria nzuri kweli! Jaribu kuitumia saa kumi na moja jioni mwezi Desemba, giza limeshaingia, kwenye barabara ya njia nne. Wa kwanza anasimama, wa njia ya pili hakuoni kwa sababu umezibwa na gari lililosimama. Huyo wa pili ndiye wa kuogopwa. Dawa yake ni ya zege: kisiwa katikati ya barabara, kona zilizosogezwa mbele ili umbali wa kuvuka upungue, na njia chache za magari. Kipande cha Snelling kinachopita Chuo cha Macalester kina kisiwa cha katikati. Unavuka nusu, unapumua, unatazama upande mmoja tu, unamalizia.

Halafu kuna theluji, ambayo wapangaji wengi huiwekea aya moja tu. Saint Paul mwenye nyumba ana saa 24 tangu theluji iache kuanguka kusafisha njia ya miguu mbele ya kwake. Wengi wanajitahidi, na asubuhi unasikia makoleo mtaa mzima. Kisha linapita gari la kusukuma theluji na kuilundika yote pembeni, sawasawa na pale njia inaposhukia barabarani. Nimemwona mama mtu mzima na kigari chake cha sokoni akishindwa kukifikia kitufe cha taa kwa sababu ya lundo linalomfika kiunoni. Akashuka barabarani, akatembea na magari mpaka kona inayofuata. Lundo lile ni la nani, la mwenye nyumba, la jiji au la jimbo? Kila mmoja atakuonyesha mwenzake.

Kuna wanaosema Wamarekani hawatatembea hata uwajengee nini, kwa sababu duka liko mbali. Kwa vitongoji vya pembezoni wana hoja. Hakuna mpango utakaomtembeza mtu kilomita nane akanunue maziwa. Ila Snelling hiyohiyo tangu 2016 inapita basi la haraka la A Line. Anayeshuka upande huu na nyumba yake iko upande ule lazima avuke, apende asipende. Kama ningepewa fedha za mpango wa jimbo nigawe, ningeanzia vituo vya basi vilivyo kwenye barabara za jimbo. Njia za kupunga upepo kuzunguka maziwa zingesubiri, maana hizo tunazo tele.